Mgeni Njoo: Historia ya Safari za Kuikimbia Baridi

Sisi tukaao karibu na Ikweta huuhesabu mwaka kwa mvua na pepo. Mkulima wa bara hungoja masika na vuli, na mwana wa pwani hutazama kama kaskazi imeanza kuvuma au kusi imerejea. Baridi yetu iliyo kali ni ile ya mwezi wa Julai katika nchi za milima, na hiyo hufukuzwa kwa koti zito na kikombe cha chai. Katika nchi za kaskazini mambo si hivyo. Huko mwaka hugawanywa kwa joto na baridi, na baridi ikifika haina mzaha. Mwezi wa Januari katika mji wa New York jua huchelewa kuchomoza na hutua mapema. Miti husimama uchi kama mifupa, maji ya madimbwi huganda yakawa magumu kama kioo, na theluji hufunika njia hata ikawa haina budi kuondolewa kwa sepetu. Katika zama ninazotaka kuzieleza, maskini wa mji huo alihangaika kutafuta makaa ya kupashia chumba chake moto. Tajiri, ambaye makaa alikuwa nayo, alitafuta kitu kingine: alilitafuta jua lenyewe.

Katika tamaa hiyo ya jua ilizaliwa biashara kubwa. Meli iliondoka katika bandari yenye theluji, ikaelekea visiwa vyenye maua, ikakaa huko siku chache, kisha ikarudi na watu walewale iliowachukua. Haikuwa safari ya kuhamia ugenini wala ya kutafuta mali. Ilikuwa safari ya starehe tupu. Nataka, msomaji, tuitazame historia ya safari za namna hii kwa mfano mmoja, yaani njia ya bahari iliyounganisha mji wa New York na visiwa vya Bermuda. Na tuitazame kwa macho mawili: jicho la mtu aliyesimama juu ya sitaha ya meli, na jicho la mtu aliyesimama gatini akiingoja. Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni neno zuri, lakini kazi ya historia ni kuuliza kama mwenyeji alipona kweli, na kama alipona, ni kwa gharama gani.

Kwanza yafaa tujue visiwa vyenyewe. Ukifungua ramani utaiona Bermuda kama nukta katikati ya Bahari ya Atlantiki, umbali wa kilomita 1,200 hivi kutoka New York. Ni visiwa vingi vidogo vilivyokaribiana, na vile vikubwa vimeunganishwa kwa madaraja. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 53 tu, kiasi ambacho mtu mwenye miguu mizuri aweza kukitembea toka ncha hata ncha kwa siku moja. Havimo katika ukanda wa joto, kwa kuwa viko nyuzi 32 kaskazini ya Ikweta. Walakini mkondo mkubwa wa maji ya moto, utokao Ghuba ya Meksiko, hupita baina ya visiwa hivyo na bara la Amerika. Upepo wa baridi utokao bara hauna budi kuvuka maji hayo, na ufikapo Bermuda umekwisha kupoteza ukali wake. Kwa sababu hii, wakati New York imo katika kiwango cha maji kuganda, Bermuda huwa na joto la nyuzi 18 hivi, na maua huchanua.

Visiwa hivyo havikuwa na wakazi Wazungu walipovifikia mwanzoni mwa karne ya 16. Mwaka 1609 meli ya Kiingereza iitwayo Sea Venture, iliyokuwa ikielekea Virginia, ilipigwa na dhoruba ikakwama katika miamba yake, na miaka 3 baadaye Waingereza wakaja kukaa. Hawakukawia kuleta watumwa, wengine kutoka visiwa vya Karibiani na wengine wenye asili ya Afrika moja kwa moja. Ardhi ilikuwa ndogo mno kwa mashamba makubwa ya miwa; hivyo watumwa wa Bermuda walifanywa mabaharia, maseremala, waunda meli, waashi na watumishi wa nyumbani. Mmoja wao alikuwa Mary Prince, ambaye habari za maisha yake zilichapishwa London mwaka 1831 na kuwafanya Waingereza wengi waone haya. Utumwa ulikomeshwa huko tarehe 1 Agosti 1834. Wajukuu wa watumwa hao ndio walio wengi katika Bermuda hata leo.

Jambo moja zaidi litakupendeza ukiwa mtu wa pwani. Bermuda haina mto hata mmoja. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe laini yaliyokatwa kwa msumeno, na paa zake zilifanywa za mawe hayohayo zikapakwa chokaa nyeupe, zikawa na ngazi ngazi za kuyapunguza mwendo maji ya mvua. Maji yalishuka polepole na kuingia katika birika lililochimbwa chini ya nyumba. Mgeni aliyetazama paa hizo kutoka melini alisema, "Tazama uzuri huu!" Mwenyeji alipozitazama aliona maji ya kunywa ya familia yake. Ikumbuke tofauti hiyo, kwani itatufuata mpaka mwisho wa habari hii.

Sasa tuingie katika safari. Meli za moshi zenye ratiba zilianza kwenda baina ya New York na Bermuda katika miaka ya 1870, nazo hazikuanzishwa kwa ajili ya starehe. Zilianzishwa kwa ajili ya vitunguu. Udongo wa Bermuda na ule ujoto wake viliwawezesha wakulima kuvuna vitunguu, viazi na mboga wakati mashamba ya Marekani yangali yamelala chini ya theluji. Kazi hiyo walishirikiana watu weusi na Wareno, ambao walianza kuletwa kutoka Madeira mwaka 1849. Vitunguu hivyo vilisifika sana katika masoko ya New York, hata wenyeji wa Bermuda wenyewe wakapewa jina la utani la "Vitunguu", nao wakalikubali kwa kicheko. Basi fikiri kama mwenye meli. Meli iendayo kuchukua shehena kisiwani haina haja ya kwenda tupu. Ikiwa wapo watu wenye kifua kibovu walioshauriwa na daktari kuikimbia baridi, au matajiri waliochoshwa na theluji, nauli yao ni faida juu ya faida. Ndivyo kitunguu kilivyomfungulia mtalii mlango.

Mwaka 1883 ulileta bahati kubwa. Binti Louise, mtoto wa Malkia Victoria wa Uingereza, alikuwa akikaa Kanada, ambako mumewe alikuwa Gavana Mkuu. Baridi ya Kanada ilimchosha, akaenda kupumzika Bermuda toka Januari hata majira ya kuchipua. Magazeti ya Amerika yakaandika habari zake, na watu wa fedha wakaanza kuulizana kisiwa hicho kiko wapi. Wafanyabiashara wa mji mkuu, Hamilton, hawakulala. Tarehe 1 Januari 1885 walifungua hoteli kubwa iliyojengwa ukingoni mwa maji, wakaiita Princess kwa heshima ya mgeni wao. Tarehe hiyo yenyewe yatufundisha kitu: hoteli ilifunguliwa katikati ya majira ya baridi, kwa kuwa huo ndio uliokuwa msimu wa wageni. Joto la Julai halikuwa na mnunuzi.

Miongoni mwa waliofuata alikuwa mwandishi Mark Twain, ambaye alikwenda Bermuda mara nyingi, akazidi kuipenda katika miaka yake ya mwisho. Alirudi New York kutoka huko katikati ya Aprili 1910, na tarehe 21 ya mwezi huohuo akafariki dunia. Mwingine alikuwa Woodrow Wilson, kabla hajawa Rais wa Marekani. Mwaka 1908 wawili hawa walitia sahihi ombi la kuitaka serikali ya Bermuda izuie magari, ili visiwa visipoteze utulivu wake, na mwaka huohuo magari yakakatazwa kwa sheria. Marufuku hiyo ilidumu hata 1946. Mgeni alipenda farasi na ukimya kwa sababu alikuwa amezikimbia kelele za mji wake. Kwake yeye ukimya ulikuwa dawa ya wiki 3. Lakini mwenyeji, ambaye alikuwa na mgonjwa wa kumfikisha kwa daktari au mzigo wa kuufikisha sokoni, aliishi na ukimya huo mwaka mzima.

Pengine utauliza, mbona makampuni makubwa ya meli nayo yaliingia katika biashara hii? Jibu liko ng'ambo ya pili ya Atlantiki, katika Ujerumani. Albert Ballin alikuwa mmoja wa viongozi wa kampuni ya meli ya Hamburg-Amerika. Aliona kwamba katika majira ya baridi wasafiri wa kuvuka Atlantiki ya kaskazini walipungua sana, na meli zake za fahari zikakaa bure bandarini. Meli ikaayo bure haiachi kula fedha: mabaharia wataka mshahara, na mikopo yataka kulipwa. Basi mwezi wa Januari 1891 aliitoa meli Augusta Victoria katika bandari ya Cuxhaven na kuipeleka katika Bahari ya Kati, ikiwa na abiria 241 waliokwenda kutembea tu. Safari ilifanikiwa, na kutoka siku hiyo wenye meli wakajua kwamba majira ya baridi, yaliyokuwa hasara yao, yangeweza kuuzwa.

Ballin hakuishia hapo. Mwaka 1900 kampuni yake ilishusha majini Prinzessin Victoria Luise, meli iliyoundwa tangu mwanzo kwa safari za starehe peke yake. Meli hii iliwachukua wasafiri kutoka New York kwenda visiwa vya Karibiani. Lakini bahari haina rafiki wala haijui tajiri. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1906, ilipokuwa ikikaribia Kingston katika Jamaika, nahodha alidhani mnara mmoja wa taa kuwa ni mwingine, akaipandisha meli mwambani karibu na Port Royal. Abiria wote waliokolewa. Nahodha hakuweza kuivumilia aibu hiyo, akajitoa uhai usiku uleule. Haukupita hata mwezi mmoja, Januari 1907, tetemeko kubwa la ardhi likaubomoa mji wa Kingston wenyewe. Basi watu wakajua kwamba visiwa vya jua si bustani iliyowekwa na Mungu kwa ajili ya wageni. Ni nchi kama nchi nyingine, yenye misiba yake.

Turudi Bermuda. Mwanzoni mwa karne ya 20 biashara ya vitunguu ilianza kufa. Wakulima wa Texas walipanda mbegu za namna ileile, wakawa na ardhi pana na reli ya kufikisha mazao sokoni, na ushuru wa forodha wa Marekani ukawabana wakulima wa visiwani. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, na safari za starehe zikasimama. Vita vilipokwisha, Bermuda ilijikuta haina zao wala mgeni. Mwaka 1919 kampuni ya Kiingereza ya Furness Withy ilikuja na ahadi: italeta meli bora na itajaza hoteli. Serikali ya visiwa ilifurahi kama mkulima aonaye wingu baada ya kiangazi kirefu. Bahati nayo ikasaidia, kwa kuwa mwaka 1920 Marekani ilikataza pombe kutengenezwa na kuuzwa, na marufuku hiyo ikadumu hata 1933. Meli yenye bendera ya Kiingereza iliweza kufungua chupa mara itokapo katika maji ya Marekani. Hivyo wapo waliosema wanakimbia baridi ilhali walichokikimbia hasa ni kiu.

Hapa, msomaji, tumefika penye kiini cha habari yetu. Wasafiri waliotakiwa walikuwa matajiri, na tajiri wa Marekani alitaka kiwanja cha gofu na nyumba kando ya bahari. Mahali palipochaguliwa paliitwa Tucker's Town, upande wa mashariki wa visiwa. Hapakuwa mahali patupu. Palikuwa na watu, wengi wao weusi, wajukuu wa watumwa waliokuwa wamejipatia mashamba baada ya uhuru wa 1834. Walilima, walivua, waliunda mashua. Walikuwa na kanisa lao na makaburi ya wazee wao. Mwaka 1920 Bunge la Bermuda, ambalo liliongozwa na Wazungu wenye mali, lilipitisha sheria iliyoipa kampuni ya kuendeleza mahali hapo uwezo wa kununua ardhi hata kama mwenyewe hataki kuuza. Wenyeji waliandika ombi la kupinga. Walisikilizwa, lakini ombi lao halikukubaliwa.

Fedha zililipwa, na hilo lazima lisemwe ili tuwe wa haki. Lakini fedha ni kitu kimoja na hiari ni kitu kingine. Mtu aweza kulipwa bei ya shamba. Hawezi kulipwa bei ya kaburi la mamaye, wala ya mti alioupanda babaye, wala ya jirani atakayetawanyika asionekane tena. Mwanamke mmoja, Dinah Smith, alikataa kuondoka. Mwaka 1923 alitolewa nyumbani kwake kwa nguvu. Palipokuwa mashamba pakawa majani mazuri ya gofu na nyumba za matajiri, na mwaka 1931 hoteli kubwa ya Castle Harbour ikafunguliwa karibu na hapo. Msafiri aliyefika kutoka New York alipewa picha ya nyasi za kijani na bahari ya buluu. Picha haikumwonyesha aliyekuwapo kabla yake.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya fahari kuu katika njia hiyo ya bahari. Mwaka 1931 Furness ilileta Monarch of Bermuda, na mwaka 1933 ikaleta Queen of Bermuda. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa tani zaidi ya 22,000, dohani 3, na nafasi ya abiria zaidi ya 700, kila chumba kikiwa na bafu lake, jambo lililokuwa adimu siku hizo. Safari ilichukua kiasi cha saa 40. Abiria alipanda meli New York amejifunga skafu hata masikioni, akaliona jiji likipotea katika ukungu wa baridi. Usiku meli iliingia katika ule mkondo wa maji ya moto, ambako bahari huchafuka, na vyakula vya anasa vilivyoandaliwa vikawakosa walaji. Siku ya pili hewa ilibadilika. Makoti yalivuliwa, na watu wakatoka sitahani. Asubuhi iliyofuata meli ilijipenyeza taratibu katika mfereji baina ya miamba, ikiongozwa na rubani mwenyeji, mpaka ikafunga gati katikati ya mji wa Hamilton, dohani zake zikiwa juu ya paa zote nyeupe.

Meli hizi zilikuwa na sifa zaidi ya anasa. Tarehe 8 Septemba 1934, meli ya Kimarekani Morro Castle, iliyokuwa ikirudi New York kutoka Havana na watalii, iliwaka moto karibu na pwani ya New Jersey, na watu zaidi ya 130 wakafa. Monarch of Bermuda iliukaribia moto huo katika bahari iliyochafuka, ikashusha mashua zake na kuokoa watu 71. Msiba ule uliwafanya watawala wa Marekani wakaze sheria za kuzuia moto melini na kuwafundisha mabaharia kazi ya uokozi. Vilipokuja Vita Vikuu vya Pili, meli zote 2 za Bermuda ziliacha starehe zikachukua askari.

Lakini ni nani aliyelala katika hoteli zile, na ni nani aliyezifagia? Huko Bermuda mtu mweusi aliweza kuingia hotelini kwa mlango wa jikoni, amebeba sinia au mzigo wa mgeni. Kuingia kwa mlango wa mbele na kuomba chumba hakuweza. Wenye hoteli walilindwa na sheria ya 1930 iliyowaruhusu kumkataa mgeni wasiyemtaka. Walisema, "Si sisi tupendao hivi, ni wageni wetu Wamarekani." Kisingizio hicho kilikuwa na hila ndani yake. Ubaguzi ulikuwapo kabla ya wageni, na wenye nguvu walipata mtu wa kumtwika lawama. Ndivyo kisiwa kilichojisifu kwa ukarimu kilivyowanyima ukarimu watoto wake wenyewe.

Wenyeji hawakunyamaza. Daktari E. F. Gordon, mzaliwa wa Trinidad, aliwaongoza wafanyakazi katika chama chao, na mwaka 1946 akapeleka London ombi la haki za watu weusi. Kisha, tarehe 15 Juni 1959, jambo kubwa likatukia. Kundi la vijana waliosoma, ambao walificha majina yao kwa kuogopa kufukuzwa kazi, walibandika matangazo usiku wakiwaomba watu weusi wasusie majumba ya sinema, kwa kuwa humo nako watu walikalishwa kwa rangi zao. Watu waliitikia. Umati ulikusanyika nje ya majumba hayo jioni baada ya jioni, bila kuvunja dirisha wala kumpiga mtu. Haikutimia hata wiki 3, majumba ya sinema na hoteli yakaacha ubaguzi wa wazi. Mwaka 1961 sheria ikapiga marufuku ubaguzi katika mikahawa, na mwaka 1968 ukafanyika uchaguzi wa kwanza chini ya katiba mpya, kila mtu mzima akipiga kura iliyo sawa na ya mwenzake.

Yafaa tuitazame vizuri silaha iliyotumiwa. Watu wale walikuwa wamejifunza kwamba visiwa vyao vinaishi kwa jina jema. Aliyeuza utulivu na tabasamu kwa wageni aliogopa kuliko kitu chochote habari za mgogoro zitakazoandikwa katika magazeti ya New York. Hivyo biashara ileile iliyomfanya mwenyeji mtumishi ndiyo iliyompa uwezo wa kusema "sitaki".

Njia ya meli ilizimwa na kitu kingine kabisa. Mwaka 1937 ndege za kutua majini zilikuwa zimeanza kuruka baina ya New York na Bermuda kwa muda wa saa 5 au 6. Baada ya vita zikaja ndege za nchi kavu, na kuanzia 1958 ndege za jeti zikaanza kuvuka Atlantiki. Mtu aliyeweza kufika kwa saa 2 hakuona sababu ya kuugua bahari kwa siku 2. Queen of Bermuda, iliyorudi kazini mwaka 1949, ilifunga safari yake ya mwisho mwaka 1966, ikauzwa kuwa chuma chakavu. Mwishoni mwa mwaka huohuo meli iitwayo Sunward ilianza kutoka Miami, mji wa joto wa kusini mwa Marekani, kwenda Bahamas. Watu wa kaskazini wakaanza kuruka kwa ndege hadi Miami, wakapanda meli huko, wasiionje baridi ya Atlantiki hata kidogo.

Jambo la ajabu ni kwamba Bermuda ilipoteza majira yake. Visiwa vilivyojulikana kwa jua la Januari viligeuka kuwa mahali pa kwenda wakati wa joto. Siku hizi meli kubwa zitokazo New York huvijaza toka Aprili hata Novemba, na theluji ianzapo meli hizo huvipita zikaenda mbali zaidi kusini, kwenye joto lililo kali. Kwanza wenyeji walitegemea kitunguu, Texas ikakichukua. Kisha wakategemea majira ya baridi, Miami ikayachukua. Leo riziki yao kubwa yatoka katika biashara ya bima ya kimataifa. Taifa dogo litegemealo tamaa ya mgeni halina budi kuwa tayari siku mgeni atakapobadili tamaa yake.

Je, mwenyeji alipona? Tukijibu kwa haki tutasema alipona kiasi, na aliumizwa kiasi. Meli zilileta kazi wakati mashamba yalipokufa. Watoto walisomeshwa kwa fedha za hoteli, na madaktari na mawakili wakatoka miongoni mwao. Lakini watu wa Tucker's Town walilipa deni ambalo hawakulikopa. Karibu miaka 100 ilipita kabla serikali, mwaka 2019, haijaunda tume ya kuchunguza jinsi wenyeji walivyopoteza ardhi zao zamani. Majina yakatajwa tena hadharani, na wajukuu wakasimama kueleza yale waliyosimuliwa na bibi zao. Ardhi haikurudi kwa kusimuliwa, lakini uongo kwamba mahali pale palikuwa patupu ulikwisha.

Na wewe, msomaji kijana, usidhani habari hii ni ya mbali. Desemba hata Machi, wakati kaskazi inapovuma, watu wa Ulaya huukimbia ubaridi wao wakaja Diani, Watamu na Malindi, na meli za starehe huingia Kilindini kama zile zilivyoingia Hamilton. Wapokee kwa heshima, kwa kuwa ukarimu ni mila yetu, na mtu aliyetoka katika theluji hana kosa kulipenda jua. Lakini uonapo nyumba nzuri kando ya bahari, uliza ni nani aliyevua samaki hapo kabla haijajengwa, na yuko wapi sasa. Uliza ni mlango gani ambao mwana wa nchi huruhusiwa kupita. Uliza pia nchi itakula nini mwaka ambao meli hazitakuja. Maswali hayo si uadui kwa mgeni. Wahenga waliposema mwenyeji apone walikuwa na matumaini. Ni juu ya mwenyeji mwenyewe kuangalia kwamba matumaini hayo yanatimizwa.